Mkeka Mmoja Karura: Mhadhara juu ya Utulivu na Msitu wa Mjini

Mhadhara huu unaanza na hesabu ndogo. Msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, kati ya barabara ya Limuru na ile ya Kiambu, una hekta 1,041. Sensa ya mwaka 2019 iliwakuta Nairobi watu 4,397,073. Mwenye kalamu na karatasi akiugawa msitu huo sawa kwa sawa, kila mkazi ataondoka na mita za mraba 2.4 hivi. Ni nafasi ya kutandika mkeka mmoja wa kulalia. Mtu akijinyoosha vizuri, miguu yake itamgusa jirani.

Bahati ni kwamba wakazi hawaji wote siku moja. Jumamosi asubuhi wanaonekana wakimbiaji wenye saa za kuhesabu mapigo ya moyo, akina baba wanaosukuma baiskeli za watoto, vijana wawiliwawili waliopata kisingizio cha kutembea polepole, na wazee wanaosalimiana kila kona kana kwamba njia ile ni uchochoro wa mtaani kwao. Kwenye makutano ya njia kuna nguzo zenye namba ili mgeni asipotee. Mwendo wa dakika kumi tu kutoka langoni, honi za magari zinafifia na nafasi yake inachukuliwa na kelele za kwarara, ndege asiyejua kuongea kwa sauti ya chini. Kima wanaruka juu ya vichwa vya watu. Mto Karura unaporomoka kwenye maporomoko madogo, na karibu yake yapo mapango.

Watu wengi wakiulizwa wamefuata nini pale, hujibu neno moja: utulivu. Wakiulizwa utulivu huo unatoka wapi, huonyesha miti. Jibu hilo ni la kweli, ila limebeba nusu tu ya habari. Mhadhara huu una nia ya kuitafuta nusu ya pili, na njia ya kuifikia inapita kwanza kwenye lugha, kisha kwenye maabara.

Neno kupumzika limeibeba pumzi waziwazi: pumua, pumzi, pumzika. Mswahili aliyepumzika ni mtu aliyerudishiwa pumzi zake. Kuburudika nako kunatoka katika asili ileile ya Kiarabu iliyotoa neno baridi, na si ajabu kwa watu wa pwani ya joto kuiona raha kuwa ni kupoa. Halafu kuna kupunga upepo. Msemo huo hautaji mlima wala safari ya mbali. Mtu anatoka ndani jioni, anakaa mahali penye hewa, anauacha upepo umfanyie kazi. Aliyetulia anafananishwa na bahari iliyotulia au maji kwenye mtungi. Msamiati wa kujitunza kwa hewa, maji na kivuli umo katika Kiswahili tangu zamani, kabla ya majarida ya afya kuufanya kuwa mada.

Lakini lugha hiyohiyo inauogopa msitu. Aliyeshika bunduki dhidi ya serikali husemwa ameingia msituni. Asiye na adabu huulizwa kama alilelewa porini. Hata kimya kinashukiwa, maana kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo anayemwambia mama yake kwamba Jumapili anakwenda msituni kukaa kimya asishangae mama akitaka kujua amepatwa na nini.

Na kukaa kimya ni kazi ngumu kweli. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alichapisha na wenzake majaribio ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Watu waliwekwa peke yao katika chumba kitupu kwa dakika kati ya 6 na 15, bila simu wala kitabu, wakaambiwa wakae na mawazo yao. Wengi hawakufurahia. Katika jaribio mojawapo chumba kilikuwa na kitufe cha kumpiga mtu shoti ndogo ya umeme, shoti ambayo washiriki hao walikwisha kuionja na kusema wangelipa fedha wasiipate tena. Katika dakika 15 za upweke, wanaume 12 kati ya 18 walijipiga shoti angalau mara moja. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24. Bwana mmoja alibonyeza mara 190, na watafiti wakaona afadhali wamweke kando katika hesabu zao.

Jaribio hilo linaondoa dhana moja iliyozoeleka, kwamba mtu akiondolewa shughuli atatulia mwenyewe. Chumba kitupu hakimtulizi mtu; kinamkabidhi kwa deni la kodi ya nyumba, kwa maneno aliyojibiwa vibaya juzi, kwa ujumbe ambao haujajibiwa. Akili inataka mahali pa kukaa. Hapo ndipo miti inapoingia.

Rachel na Stephen Kaplan, mke na mume waliofundisha Chuo Kikuu cha Michigan, walitumia miaka mingi kulichunguza jambo hili na mwaka 1989 wakatoa kitabu kilichokusanya hoja zao. Kwa mujibu wao, umakini wa mwanadamu ni wa namna mbili. Upo ule wa kujilazimisha: wa kusoma mkataba, kuendesha gari kwenye foleni, kusikiliza mkutano wa saa tatu. Huo huchoka, na ukichoka mtu anakuwa mwepesi wa hasira, anakosea hesabu rahisi, anasahau alichofuata jikoni. Upo na ule unaovutwa taratibu na kitu chenyewe: majani yanayocheza, wingu linalobadili sura, maji yanayopita juu ya jiwe. Vitu hivyo vinaishika akili bila kuibana. Wakati wa namna hii ya pili, ile ya kwanza inapata likizo. Ni nadharia nyepesi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kutazama moto wa kuni usiku na kushtuka kwamba saa nzima imepita.

Mwaka 2008 Marc Berman na wenzake wa chuo hichohicho waliipima. Waliwatuma watu watembee kwa dakika 50 hivi, wengine kwenye bustani ya miti ya Ann Arbor, wengine katikati ya mji, kisha wakawapa zoezi la kurudia tarakimu kinyumenyume. Waliotoka kwenye miti waliongeza alama kwa takribani asilimia 20; waliotoka mjini hawakusogea kwa kiasi cha kuandika habari. Cha kuvutia zaidi ni kwamba baadhi walitembea wakati wa baridi kali ya huko na hawakuona raha hata kidogo. Alama zao zilipanda vilevile. Habari hiyo iwafikie wanaosema hawaupendi msitu kwa sababu ya mbu, kwani faida, inavyoonekana, haingoji mtu afurahi.

Kabla ya hao alikuwapo Roger Ulrich, na utafiti wake una utamu wa pekee kwa sababu ulifanyika kwa watu wasioweza hata kutembea. Alichukua kumbukumbu za hospitali moja huko Pennsylvania za kati ya 1972 na 1981, akachagua wagonjwa 46 waliopasuliwa kuondolewa kifuko cha nyongo, akawapanga jozi kwa jozi kwa umri, jinsia na mambo mengine. Katika kila jozi mmoja alikuwa amelazwa penye dirisha linalotazama miti, mwenzake penye dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Vitanda vilikuwa vilevile na wauguzi walewale. Waliotazama miti walilala hospitalini siku 7.96 kwa wastani, wenzao siku 8.70. Walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache, na wauguzi waliandika malalamiko machache kuwahusu. Makala yake ilitoka mwaka 1984 na tangu hapo wachoraji wa ramani za hospitali hawajaweza kujifanya hawajui. Wanaojenga wodi zenye madirisha madogo juu kabisa ya ukuta, karibu na dari, wanaweza kuanzia hapo.

Tafiti nyingine zinatosha kutajwa kwa ufupi. Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake wa Stanford waliwatembeza watu 38 kwa dakika 90, nusu kwenye majani na miti, nusu kando ya barabara kubwa. Waliopita kwenye miti walipungukiwa na ile tabia ya kuchimba machungu yaleyale kichwani, na picha za ubongo zikakubaliana nao. Mwaka 2019 Mathew White na wenzake walichambua majibu ya watu karibu 20,000 wa Uingereza na kukuta kwamba waliofikisha dakika 120 kwa wiki penye mazingira ya asili walijieleza kuwa na afya na furaha zaidi kuliko wasiokwenda kabisa. Haikujalisha kama dakika hizo zililiwa kwa mkupuo au kwa vipande. Ni uchunguzi wa maswali na majibu, hivyo hauwezi kuapa kwamba miti ndiyo iliyoleta afya. Huenda wenye afya ndio wenye nguvu za kutoka nyumbani. Na aliyezama katika sonona anahitaji daktari. Hata hivyo huko Shetland, visiwa vya Scotland, tangu mwaka 2018 madaktari wameruhusiwa kuwaandikia wagonjwa matembezi ya ufukweni na kutazama ndege, juu ya matibabu yao ya kawaida.

Serikali ya Japani iliwatangulia wote hao kwa jina. Mwaka 1982 mkuu wa idara ya misitu ya nchi hiyo, Tomohide Akiyama, alibuni neno shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Mtu haogi maji. Anajitumbukiza katika harufu, mwanga na sauti za miti kama anavyojitumbukiza katika beseni. Msitu wa Akasawa huko Nagano, wenye miti mirefu ya hinoki, ndio uliotumika kuizindua kampeni hiyo. Inafaa kukumbuka kwamba Japani ya wakati huo ilikuwa na wafanyakazi waliokuwa wakianguka na kufa kwa kazi nyingi, hata lugha yao ikawa na neno rasmi la kifo hicho, na ilikuwa na misitu mingi iliyohitaji wageni. Akiyama aliona maradhi upande mmoja na miti upande wa pili, akavitengenezea daraja la neno moja. Baadaye wakaja madaktari kama Qing Li kupima damu na shinikizo la waliooga hivyo. Neno lilitangulia, vipimo vikafuata, na wenye kuuza mafuta ya kunukia wakafuata nyuma yao.

Karura haikuzaliwa kwa ajili ya kuogwa. Nairobi ni mji uliozaliwa na reli, na reli iliyofika mwaka 1899 ilikula kuni. Mwaka 1907 bustani ya miti ya Nairobi, ile inayoitwa Arboretum na ambayo leo imejaa watu wa maombi na wa picha za harusi, ilianzishwa ili kujaribu ni miti gani ya kigeni ingekua upesi kulisha injini za treni. Mikaratusi iliyotapakaa kaskazini mwa jiji ni ukumbusho wa njaa hiyo. Karura yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1950, mapango ya karibu na maporomoko yanasimuliwa kuwa yaliwaficha wapiganaji wa Mau Mau. Walioingia msituni wakati ule hawakufuata kupumzika, na wazee wa Kiambu waliowapelekea chakula gizani wana haki ya kutabasamu wanapoona wajukuu wao wakilipa kuingia humohumo wakiwa na chupa za maji na viatu vya bei.

Mwaka 1998 Wakenya waligundua kwamba sehemu kubwa ya Karura ilikwisha kugawiwa kimyakimya kwa kampuni za watu binafsi. Tingatinga zilikuwa ndani. Profesa Wangari Maathai na Green Belt Movement, shirika alilolianzisha mwaka 1977, wakaanza kwenda na miche. Mbinu ilikuwa rahisi: wanapanda mti pale mti ulipokatwa. Maathai alikuwa mzoefu wa ugomvi wa aina hii, maana mwaka 1989 alisimama karibu peke yake kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, akatukanwa bungeni, na jumba halikujengwa.

Tarehe 8 Januari 1999 alifika kwenye lango la Karura na wenzake, wabunge na waandishi wa habari wakiwamo. Walikutana na walinzi wa kukodi wenye mapanga, rungu na mijeledi. Maathai alipigwa kichwani. Alikwenda kituo cha polisi damu ikimtiririka, akaandikisha taarifa, na alipotakiwa kutia saini akachovya kidole kwenye damu yake mwenyewe akatia alama ya X. Wiki zilizofuata wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kwa sababu ya msitu ambao wengi wao hawakuwa wameukanyaga. Agosti mwaka huohuo Rais Moi alisimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Msitu uliokolewa, lakini haukuwa na utulivu bado. Kwa miaka kumi iliyofuata Karura ilikuwa jina la kutishia. Watu waliporwa humo, maiti ziliokotwa humo, na dereva wa teksi aliyeharibikiwa na gari kando yake usiku alikuwa na dua nyingi za kusoma. Mabadiliko yalianza mwaka 2009. Wakazi wa jirani walijiunga na Shirika la Misitu la Kenya, KFS, wakaunda chama cha marafiki wa msitu, wakatafuta fedha za kuuzungushia uzio wa umeme. Vijana wa Mji wa Huruma, mtaa wa kipato kidogo unaopakana na msitu, waliajiriwa kuwa walinzi wake. Magugu ya lantana yaliyokuwa yamefunga njia yaling'olewa na miti ya asili ikapandwa: muhugu, mzeituni mwitu na mingineyo. Kuanzia mwaka 2014 mbega walihamishwa kutoka Kipipiri huko Nyandarua, wakaja kutingisha mikia yao myeupe juu ya watu wanaokunywa chai.

Nusu ya pili ya jibu imo humu. Mtafiti wa Michigan anapompeleka mtu kwenye miti na kumpima, anaanza hesabu yake pale mtu anapokanyaga kivuli. Hapimi uzio, mshahara wa mlinzi, wala damu kwenye karatasi ya polisi. Mwanamke anayeweza kutembea peke yake Karura saa moja asubuhi, masikioni mwake mna ndege tu na hageuki nyuma kila dakika, anatumia kitu kilichojengwa, kama vile anayefungua bomba anavyotumia kazi ya waliolaza mabomba. Akili haipumziki mahali ambapo mwili unaogopa. Umakini unaovutwa taratibu, ule wa akina Kaplan, hauwezi kufanya kazi kwa mtu anayesikiliza nyayo.

Pwani ya Kenya ina misitu iliyolielewa jambo hili kwa namna tofauti kabisa. Makaya ya Wamijikenda yametapakaa kwa kilomita 200 hivi za ukanda wa pwani, na mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia. Neno kaya ni lilelile analolitumia karani wa sensa anapohesabu nyumba: maskani, watu wa jungu moja. Hapo zamani ndani ya kila msitu huo palikuwa na kijiji chenye boma, na pindo la miti lilikuwa ukuta wake. Watu walipohamia nje, makaburi, mahali pa maombi na fingo, yaani hirizi ya ulinzi iliyozikwa, vilibaki ndani. Kwa hiyo Mdigo au Mgiriama anayeingia kayani anaingia nyumbani kwa wazee wake.

Anayetembelea Kaya Kinondo, karibu na hoteli za Diani, anatakiwa avue kofia na afungwe kitambaa cheusi kiunoni. Hapayuki. Wapenzi hawabusiani humo. Na jambo moja linasisitizwa kuliko mengine yote: hakuna kinachotoka. Tunda lililodondoka, ganda la konokono, jani kavu, vyote vinabaki. Msitu wenyewe ni mdogo, hekta 30 hivi, ila una miti ambayo mwongoza njia huitaja mmojammoja pamoja na maradhi inayoyatibu.

Masharti yale si mapambo ya utalii. Yana kazi, na mtu wa kawaida wa mjini anaisikia kazi hiyo ndani ya dakika chache. Mikono haina cha kuchuma, sauti haina pa kupanda, kichwa kiko wazi. Mwili unaambiwa kwamba umebadilisha mahali. Wajapani walilazimika kubuni neno mwaka 1982. Wazee wa kaya walikuwa na utaratibu mzima wa kuingia, kukaa na kutoka, ingawa shabaha yao ilikuwa mvua, mazao na amani ya ukoo, wala si wasiwasi wa mfanyakazi mmoja wa ofisini. Ni haki kuutaja umbali huo. Kuigeuza kaya kuwa kliniki ya msongo wa mawazo ni kuwavunjia heshima wenye nayo.

Kaya nayo pia ililindwa kwa gharama. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama na kuwalisha kiapo cha kukataa kodi na kazi za Waingereza, na kiapo hicho kilikuwa na nguvu kwa sababu kililiwa Kaya Fungo. Waingereza walilielewa hilo vizuri, maana mwaka 1914 waliilipua kaya hiyo kwa baruti. Vizazi viwili baadaye tishio lilikuja na ramani za viwanja vya ufukweni, na kuanzia mwaka 1992 serikali ya Kenya ikaanza kuyatangaza makaya kuwa kumbukumbu za taifa.

Huenda kuna anayesema moyoni kwamba habari hizi zote za kutafuta utulivu msituni ni za wageni na matajiri. Hoja hiyo ina wakili mkubwa. Mwalimu Nyerere ananukuliwa akikiri kwamba yeye binafsi hakuwa mpenzi wa wanyama na hakuwa na hamu ya kumaliza likizo akitazama mamba, ijapokuwa alijua kwamba wapo wageni watakaolipa kwa ajili hiyo. Mwenyewe alifundisha Pugu, nje ya Dar es Salaam, hadi mwaka 1955, akizungukwa na vilima vyenye msitu wa kale, na aliyakanyaga sana mazingira yale kwa miguu. Alikuwa akiwahi mikutano ya siasa mjini, kilomita zaidi ya 20.

Kwa mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki pori ni mahali pa kazi. Mama anayetoka msituni na mzigo wa kuni kichwani ametembea zaidi ya dakika 120 za utafiti ule wa Uingereza, na hakuna aliyemwona amepoa. Kilichokosekana kwake si miti. Amekosa ruhusa ya kukaa chini.

Msitu wa Pugu una mkasa wake. Dar es Salaam, iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 5 mwaka 2022, ndiyo soko kubwa kuliko yote la mkaa Tanzania, na kwa miongo kadhaa Pugu na Kazimzumbwi, misitu iliyo jirani na jiji, ililisha majiko yake. Anayepika maharage Gongo la Mboto alikuwa akikichoma kivuli ambacho angeweza kukifikia kwa nauli ya daladala. Msitu uliosalia una mimea na viumbe wasiopatikana kwingine, na kwenye mashimo ya zamani ya udongo mweupe popo hutoka jioni kama moshi. Wanaokwenda kuwatazama ni wachache mno kwa jiji la ukubwa ule.

Ila Waswahili hawajakaa bila dawa. Mombasa, jioni, magari na bajaji zinajipanga pale Lighthouse kwenye barabara ya Mama Ngina, chini ya mibuyu ya miaka mingi. Watu wanakaa ukutani na mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, wakitazama meli zikiingia Kilindini kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba. Dar es Salaam wana Coco Beach, Unguja wana Forodhani. Mtafiti wa kigeni angesema hapo hakuna asili ya kutosha, na kelele ni nyingi. Angekosea. Bahari inafanya kazi ileile ya kushika jicho bila kulibana, na mazungumzo yanakuja na kukatika yenyewe kama mawimbi. Mume na mke waliokasirikiana tangu asubuhi wanaweza kukaa pale nusu saa bila kuongea, na ukimya wao ukawa si ugomvi tena. Kupunga upepo ni utulivu wa jamaa. Tofauti na matembezi ya peke yake yanayosifiwa katika vitabu vya Ulaya, hapa mtu anatulizwa pamoja na watu wake, na sahani ya mihogo ikiwa katikati.

Kwa anayetaka kujaribu, vifaa ni vichache. Dakika 20 za mwanzo zitakuwa mbaya. Kichwa bado kiko kwenye matatu, mkono unatafuta simu mfukoni kama ulimi unaotafuta jino lililong'oka. Asikate tamaa na asijilazimishe kufikiri mambo makubwa. Achague kitu kimoja kidogo, siafu wanaovuka njia au kivuli cha tawi kwenye gome, akitazame mpaka kiishe chenyewe. Asiye na msitu akae chini ya mwarobaini wa uani, au aelekeze kiti chake dirishani kama wale wagonjwa wa Pennsylvania.

Kwa miaka mingi kiingilio cha Karura kwa mkazi mtu mzima kilikuwa shilingi 100. Kwa mwenye gari ilikuwa bei ya kuchekesha. Kwa familia ya Mji wa Huruma, baba, mama na watoto watatu, ilikuwa fedha ya unga. Mwaka 2025 ulizuka mvutano kati ya KFS na marafiki wa msitu juu ya nani azipokee fedha hizo na kwa njia ipi, hata shauri likafika mahakamani. Wakati mawakili wakibishana, lango liliendelea kufunguliwa asubuhi. Wakimbiaji wakaingia, kwarara wakaendelea kupiga kelele, na kwa upande wa Huruma, ng'ambo ya uzio, watoto waliendelea kuwatazama mbega bure, kwa kuwa mbega hula popote matawi yanapofika.